Dakika Kumi na Tano za Kimya

Daktari aliyasema maneno yake polepole, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili, ili Emoit asije kudai hakuelewa. Tezi lililo kwenye shingo ya Felistus limekua kuelekea ndani na sasa linabana njia ya hewa. Lazima litolewe. Lakini mishipa inayoendesha sauti imepita papo hapo, kwa hiyo baada ya kupasuliwa sauti yake inaweza kurudi vilevile, inaweza kubadilika, na inaweza pia isirudi. Akawapa siku: Jumanne ya wiki ya tatu kutoka siku hiyo.

Felistus aliuliza jambo moja tu, kama anaruhusiwa kuimba mpaka siku hiyo ifike. Daktari akasema aimbe, ila asijichoshe.

Kutoka hospitali walitembea mpaka stendi ya pikipiki za Tororo. Walipofika, kabla hawajapanda, Felistus akamgeukia mumewe.

"Baba Joan, miaka kumi na mbili umerekodi watu wote wa huku. Umerekodi kwaya za Iyolwa. Umerekodi walevi wa Mwello. Mimi hujanirekodi."

"Si wewe upo," Emoit akasema.

"Basi nirekodi nikiwa bado nipo."

Emoit alikuwa fundi wa milango na vitanda. Kurekodi ilikuwa kazi yake ya pembeni, na ndiyo aliyoipenda. Mashine yake ilikuwa ya kaseti, yenye njia nne, kila njia ikirekodi sauti yake peke yake. Aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kuta za chumba cha mbele alizigongomelea trei za mayai, dirishani akatundika blanketi, na watu wa Osukuru wakapaita studio. Mashine ilikuwa na dosari moja. Ilivuma. Ndani yake mlikuwa na transfoma, kile kipande kizito cha chuma na waya kinachopunguza nguvu ya umeme, na miaka ilivyozidi kwenda ilianza kutoa mvumo mzito, mmoja, usiokatika, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Felistus alikuwa na nyimbo tisa alizozitunga mwenyewe kwa Kiteso. Hakuziandika popote. Wanawake wenzake wa kanisani waliziimba katika mazishi na wakati wa kuvuna karanga, lakini aliyezianzisha na kuzishika katikati alikuwa yeye. Wimbo mmoja alimtungia Joan, binti yao, wiki aliyozaliwa. Joan sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, anafundisha watoto wadogo, na posa yake ilikuwa imekwisha kuletwa.

*

Jumamosi ya kwanza walirekodi nyimbo tatu.

Felistus aliketi kwenye kiti cha mbao, maikrofoni mbele yake, hedifoni amezikataa kwa sababu zilimbana masikio. Emoit alipowasha, mashine ikaanza kuvuma. Felistus akafumba macho, akainamisha kichwa kidogo upande wa mashine, akaguna chini kwa chini mpaka mguno wake ukalingana na ule mvumo, ukakaa juu yake kama chungu juu ya mafiga. Kutoka hapo akapanda na kuingia katika wimbo, bila kuyumba.

Ndivyo alivyofanya kila mara kwaya ilipokuja kufanyia mazoezi nyumbani kwake, Emoit akiwa amewasha mashine kwa majaribio tu, bila kurekodi. Kanisani wakati mwingine alianza juu mno, wenzake wakahangaika kumfuata mpaka mwisho. Kwenye chumba cha trei za mayai hakukosea hata siku moja. Wanawake wa kwaya walijua kwa nini, wakamtania kwamba mwalimu wake wa muziki ni umeme. Joan alijua. Emoit hakujua. Yeye kila mara alikuwa amevaa hedifoni, ameinama, anasikiliza kama sauti ina uchafu.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa Joan. Joan mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la karanga, akasimama hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Umesikia?" Felistus akamwuliza mumewe alipomaliza.

"Nimesikia. Ule mvumo umeingia kila mahali."

"Nauliza wimbo."

"Wimbo ni mzuri," Emoit akasema. "Ndiyo maana mvumo unaniuma."

Zilibaki nyimbo sita. Felistus alitaka waendelee Jumapili baada ya kanisa. Emoit akasema kwanza aende Busia, akazitie hizi tatu kwenye flash, asikie zikoje kwenye spika kubwa. Nyingine zingefuata. Siku zilikuwa bado nyingi.

*

Jumatatu alifunga mashine ndani ya blanketi, akaibeba mgongoni, akashuka Busia, akavuka mpaka kwa miguu. Maloba alikuwa na studio upande wa Kenya, nyuma ya maduka ya vitenge, chumba chenye kiyoyozi na kompyuta mbili. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na tano. Siku hiyo wasichana wawili na kijana mmoja wa rapu walikuwa kwenye kochi wakingoja zamu yao.

Maloba aliiunganisha mashine kwenye spika zake, akabonyeza. Mvumo ukajaza chumba kabla Felistus hajafungua mdomo. Kwenye spika zile ulikuwa mkubwa kuliko Emoit alivyowahi kuusikia. Ilipoingia sauti ya mkewe, wasichana walikuwa tayari wanatazamana.

"Mzee wangu," Maloba akasema, "huyu mama umemrekodia ndani ya posho mill?"

Kochi zima likacheka. Kijana wa rapu akaanza kufanya mikono yake kama mtu anayemimina mahindi kwenye mashine ya kusaga. Hata Emoit alitabasamu, maana hakuwa na sura nyingine ya kuvaa.

Maloba hakuwa mtu mbaya. Alipomaliza kucheka alisikiliza wimbo wa pili kwa makini, akasema huyo mama ana sauti, ni nani? Emoit hakusema ni mke wake. Alisema ni mtu wa huko kwetu. Maloba akamwambia, sawa, nazitia kwenye flash hivi hivi na kelele yake, halafu nitajaribu kuipunguza. Haiwezi kuisha yote, lakini angalau utakuwa nazo.

"Acha," Emoit akasema.

"Ni kazi ya dakika chache, mzee. Hata sikulipishi."

"Nimesema acha. Nitaleta safi."

Akachomoa waya zake mwenyewe, akafunga blanketi lake, akatoka. Alivuka tena kurudi Uganda shingo imejaa moto, akipita kati ya wabadilisha pesa na baiskeli za mizigo, na masikioni mwake hakusikia kingine ila kile kicheko.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Othieno.

Othieno alikuwa Mjapadhola mnene, fundi wa kusuka mota na transfoma, mwenye kibanda upande wa Uganda, karibu na maegesho ya malori. Alipomwona Emoit na mzigo wake akawaambia wateja wake watazame, Mteso amebeba redio mgongoni kama mtoto mwenye malaria. Halafu akafungua mashine, akaweka kidole juu ya transfoma, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba vibati vya ndani vimelegea, na waya umechoka. Angeweza kuvikaza, kumimina vanishi, na kumrudishia mashine yake kesho yake asubuhi. Ingevuma kidogo tu.

"Sitaki kidogo," Emoit akasema. "Nataka kimya."

"Kwa kimya lazima nisuke mpya. Waya wa shaba wa kipimo hiki sina, unatoka Kisumu. Siku tano."

"Suka."

"Una haraka na kitu?"

Emoit alipiga hesabu kichwani. Siku tano, halafu zibaki siku kumi. Akasema hana haraka.

*

Siku tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Waya ulikuja wa kipimo kingine, ukarudishwa. Emoit alipiga simu kila asubuhi, na kila asubuhi Othieno akamwambia kesho. Alishuka Busia mara mbili bila faida, na mara ya pili aliketi kibandani kutwa nzima akiangalia mashine yake imefunguliwa tumbo juu ya meza ya mtu.

Nyumbani Felistus alikuwa akifanya kazi zake. Aliimba akiosha vyombo, aliimba akichambua karanga, na Joan aliona kwamba anaziimba zile tisa kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua mifugo kabla ya safari. Siku ya kumi na moja Joan, ambaye mama yake alimwita Toto kama Wateso wanavyowaita mama zao, alitoa simu yake na kumwendea baba yake kwenye karakana.

"Papa, si nimrekodi Toto na simu tu? Zile zingine utafanya mashine ikirudi."

Emoit alikuwa anapiga randa mbao. Hakuacha. "Simu ni ya kurekodi mbuzi wakipigana," akasema. "Mama yako si mbuzi."

"Lakini kama mashine ikichelewa..."

"Nimesema hapana. Nimechekwa mara moja, nimeshiba."

Joan alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama uani na beseni. Alitaka mama aseme neno. Felistus aliweka beseni chini, akapangusa mikono, akasema mwache baba yako, anajua kazi yake. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja iliyoshikwa kwa muda mrefu: Felistus haingilii mashine, Emoit haingilii nyimbo. Desturi hiyo ilileta amani kwa miaka yote. Siku hiyo ilikuwa ujinga, na wote watatu waliitii.

Mashine ilirudi siku ya kumi na nane, Jumamosi. Emoit alikuwa ameuza mbuzi jike ili kumlipa Othieno. Pamoja na mashine Othieno alimkabidhi transfoma ya zamani, imefungwa kwenye gazeti. Mali yako, akamwambia, hata kuzuia mlango inafaa.

Saa sita mchana Felistus na Joan walikuwa kisimani. Emoit aliiweka mashine mezani, akachomeka, akawasha. Taa nyekundu ikawaka na chumba kikabaki kama kilivyokuwa. Alisogeza sikio mpaka likagusa bati. Hakusikia kitu. Akatabasamu peke yake.

Alitaka kupima kama kimya hicho kitaingia pia kwenye kaseti. Kaseti nzuri alikuwa nayo moja, ile yenye nyimbo tatu. Siku hizi hazipatikani, na aliyokuwa nayo ilitoka Nairobi. Aliishika mkononi. Akawaza kwamba zile tatu ni chafu na zitarudiwa hata hivyo, leo hii, pamoja na zile sita. Akaiingiza. Akabonyeza kurekodi, njia zote nne kwa mara moja, ili apime kila moja. Akakaa na hedifoni zake dakika kumi na tano, mpaka utepe ukafika mwisho. Kisha akarudisha nyuma na kusikiliza alichopata. Kilikuwa kimya safi, kisicho na doa. Alitamani Maloba angekuwepo.

*

Felistus aliweka ndoo chini, akaja akaketi kwenye kiti chake cha mbao hata kabla ya kula.

"Tunaanza na ule wa nne?" akauliza.

"Tunaanza na wa kwanza. Zile tatu nimezifuta."

Felistus alimtazama. "Zote?"

"Zilikuwa chafu."

"Hata wa Joan?"

"Utaimba upya, safi. Sasa hivi. Sikiliza ilivyo," Emoit akasema, akaelekeza mkono kwenye mashine kama mtu anayemwonyesha mgeni gari jipya.

Felistus akasikiliza. Akafumba macho, akainamisha kichwa kama siku zote, na hakukuwa na kitu upande ule. Aliguna, akaacha. Akaguna tena, juu zaidi. Akaanza wimbo, na kufika mstari wa pili sauti ikapaa mahali isipoweza kufika, na lile tezi likaibana, ikapasuka. Akaomba radhi. Akaanza chini, akawa chini mno, maneno yakazama. Mara ya tatu alianza vizuri kidogo, akatetereka katikati, akaacha mwenyewe.

"Mashine imenyamaza sana," akasema. "Sioni pa kuanzia."

Emoit alivua hedifoni. Alikuwa amekwenda Busia mara nne. Alikuwa amechekwa, ameuza mbuzi. "Kwani umesahau nyimbo zako mwenyewe?" akasema. "Miaka yote unaimba, siku nimekutengenezea kila kitu ndiyo umesahau?"

Joan alikuwa mlangoni, akafungua mdomo kumweleza baba yake, na mama yake akamkatisha kwa jicho. Haikuwa tena habari ya mashine. Mwanamke anaweza kuvumilia mumewe asijue kitu, lakini kumfundisha mbele ya mtoto, wakati mume amekwisha kumtukana, hilo Felistus hakulitaka. Akainuka, akapanga kiti ukutani.

"Nimechoka koo," akasema. "Tutaimba kesho."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada kanisa zima lilimfuata nyumbani kumwombea. Walikuja na ndizi, kuku na sukari, wakaomba kwa zamu, wakaimba, na wote wakamtaka yeye aongoze. Aliongoza. Baadhi walipiga video kwa simu zao, na ukizisikiliza leo unasikia watu arobaini na ngoma mbili, na yeye yumo humo ndani kama chumvi ndani ya mchuzi. Watu walipoondoka jioni hakuwa na sauti hata ya kuomba maji. Jumatatu alikwenda kulazwa. Jumanne akapasuliwa.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alisema hivyo, na ni kweli. Mgonjwa alipumua, akala, akatembea, na kidonda kikakauka kikawa mstari mwembamba juu ya kola ya gauni. Sauti ndiyo haikurudi. Kilichobaki ni pumzi yenye maneno, kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Walingoja mwezi mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu daktari aliwaambia wangoje. Sokoni wauza nyanya walimwinamia na kumwuliza mara mbili mbili, na wengine, wakidhani mtu asiye na sauti ni kiziwi, walimjibu kwa kupiga kelele. Akaanza kumtuma Joan sokoni.

Wanawake wa kwaya walijaribu kuzikusanya zile nyimbo wenyewe. Walikuja siku moja, wakaketi katika chumba cha trei za mayai, na kila mmoja akashika kipande chake. Wakabishana. Huyu alisema mstari huu unapanda, yule akasema unashuka. Felistus aliketi katikati yao akitikisa kichwa, hapana, hapana, akijaribu kuonyesha kwa mkono hewani, juu, chini, hapo. Walipoondoka aliingia kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Ndipo Emoit alipomwuliza Joan. Walikuwa wawili karakanani. Aliuliza bila kumtazama, akitafuta msumari ambao haukuwepo. Siku ile mashine iliporudi, mama yako alikuwa anaumwa koo, au alikuwa amenikasirikia?

Joan akamweleza. Alimweleza habari ya mvumo, na jinsi mama yake alivyoukalia, na jinsi kwaya nzima ilivyojua.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Tulidhani unajua, Papa. Uliketi pale pale. Na siku ile nilitaka kukuambia, ukawa unapiga kelele."

Emoit aliendelea kutafuta msumari kwa muda mrefu.

Kesho yake mchana alichukua ile transfoma ya zamani. Tangu irudi ilikuwa ikizuia mlango wa karakana, kama Othieno alivyosema. Alifungua gazeti, akaunga waya na plagi, akaifunga viungo kwa utepe. Akaiweka juu ya meza ya studio, mbele ya kile kiti cha mbao, akachomeka.

Ilivuma kama zamani, mvumo ule ule mzito, usiokatika. Emoit hakuwa na hedifoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili aliusikiliza kama sauti na si kama uchafu, akajaribu kuguna juu yake, akashindwa, maana yeye hakuwa mwimbaji.

Felistus alikuwa uani na Joan wakimenya karanga. Joan aliacha kumenya kwanza. Felistus akainuka, akaja mpaka mlangoni, maganda yamemshika kwenye gauni. Alitazama kile chuma juu ya meza, akamtazama mumewe. Halafu akaingia, akaketi kwenye kiti chake. Akafumba macho. Kichwa kikainama upande ule, chenyewe, kwa mazoea.

Akafungua mdomo.

Emoit aliona kifua kinapanda, shingo inakaza pale penye kovu, midomo inashika neno la kwanza la wimbo wa Joan. Ilitoka hewa. Felistus aliipeleka hewa hiyo mpaka mwisho wa mstari, ikipanda pale inapopanda na kushuka pale inaposhuka, na hakuna aliyeisikia ila yeye. Kisha akafumba mdomo.

"Mama Joan," Emoit akasema. "Nilikosa."

Alikuwa bado hajawahi kulisema neno hilo katika nyumba ile.

Felistus alinyoosha mkono, akachomoa waya ukutani, na mvumo ukakatika. Akamgeukia, akavuta pumzi, kwa sababu sasa kila neno lilimtaka pumzi yake, na Emoit akalazimika kusogeza sikio karibu kabisa na mdomo wake ili asikie.

"Inakula umeme," akasema.

Akarudi uani kwenye karanga zake.